Mafunzo ya wazazi wenye watoto wa usonji: hela yako inarudi siku mwalimu anapokuja nyumbani

Watu wengi wameniuliza kuhusu hayo mafunzo niliyokua naenda Jumamosi, na kila nikitaka kuandika mteja anaingia dukani, leo mvua imetufungia Kariakoo nzima hakuna mtu basi ngoja niandike yote kwa mara moja. Mi ni baba wa mtoto wa kiume wa miaka mitatu na nusu, ana usonji (autism), na wakati tunaanza alikua haongei chochote zaidi ya kulia na kukuvuta mkono. Nimemaliza wiki 12 za mafunzo ya wazazi hapa Dar, yale ya kumfundisha mzazi jinsi ya kumsaidia mtoto awasiliane. Jina la kituo silitaji, kuna mambo nitasema sio mazuri na sitafuti ugomvi, halafu mafunzo ya namna hii wanaoyafanya ni zaidi ya mmoja kwahiyo haya maoni tumia kupimia popote utakapoenda.

Kwanza tulikotoka. Mtoto alivyofika miaka miwili bila neno tuliambiwa kila kitu, wavulana wanachelewa, baba yake nae alichelewa (uongo, mama yangu anasema niliongea mapema mpaka wakachoka), mara ana udata, yaani ulimi umeshikwa kwa chini, mpelekeni akakatwe. Tukaenda, daktari akaangalia ulimi akasema huu hauna shida yoyote, kwanza kampimeni masikio. Na hili nasema kwa yeyote anaesoma, kabla hujahangaika na lolote mtoto asiyeongea apimwe kama anasikia vizuri, ni kipimo cha mwanzo kabisa. Wa kwangu anasikia, tena ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio, ila ukimwita jina hageuki. Ndo safari ikaanza mpaka tukaambiwa usonji. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanakadiria kwa mwaka 2021 ilikua mtu 1 kati ya 127 duniani, kwahiyo sio kwamba nyumba yako imerogwa.

Baada ya hapo tulikua tunampeleka kwa mtaalamu wa kuongea, elfu 40 kwa dakika 45, mara mbili kwa mwezi ndo uwezo wangu. Mtaalamu alikua mzuri sina neno nae, ila piga hesabu, dakika 20 za mwanzo mtoto analia kwa sababu chumba kigeni, zinabaki 25, mara mbili kwa mwezi hata lisaa halifiki. Mwezi mzima uliobaki yuko na nani? Yuko na sisi, na sisi hatujui kitu.

Sasa siku ya kwanza ya mafunzo nimemfikisha mtoto mlangoni, nimemkabidhi begi lake na chupa ya maji, nageuka niwahi dukani. Mwalimu akaniita, "Baba, unaenda wapi? Mwanafunzi ni wewe." Kina mama wote wakacheka, na mwanaume nilikua peke yangu kati ya watu kumi na moja, nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki kama nimeitwa shuleni kwa kosa.

Mtiririko wao mwalimu alisema wameufuata ule wa WHO wa kufundisha walezi, ambao kwa asili ni vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, kwa ajili ya watoto wa miaka 2 mpaka 9 waliochelewa kukua au wenye ulemavu wa aina hii, sio usonji peke yake. Ulivyotengenezwa sio lazima anaeuendesha awe daktari bingwa, nesi anaweza, mwalimu wa shule, mhudumu wa afya wa mtaani, hata mzazi mwenzio, mradi awe amefundishwa na kusimamiwa. Umejaribiwa nchi zaidi ya 30, Kenya na Ethiopia zimo, na tangu 2022 WHO wameweka na kozi ya mtandaoni bure. Nasema hili mapema kwa sababu kuna watu watakutoza kama vile ni siri waliyoivumbua wao.

Vikao vya ukumbini nitavipa wastani tu. Wakisema saa tatu wanaanza saa nne, mara nyingine saa nne na nusu, na mimi nimefunga duka. Makaratasi wametoa kopi ya Kiingereza, mama mmoja pembeni yangu alikua anaikunja ile karatasi anajipepea, akaniambia "Baba, mi hiki kitanifaa hivihivi." Mifano nayo wee, cheza na mtoto mapovu, cheza nae vibao vya kupanga, mkiwa mmekaa kwenye zulia. Nani ana zulia la kuchezea Mbagala? Wengi pale wanaishi chumba na sebule, mtoto anacheza koridoni na wa wapangaji wengine. Mpaka kikao cha nne ndo mwalimu mmoja wa kike, mkubwa kiumri, akasema jamani wekeni makaratasi chini, niambieni nyumbani mnafanya nini toka asubuhi. Kuoga, kuvaa, kunywa chai, kuanika nguo, kwenda dukani kwa Mangi. Akasema basi hayo ndo masomo yenu, nguo moja ukimpa mtoto akupe uanike ni mchezo tosha. Kuanzia hapo watu wakaamka. Sijui kwanini hawakuanza na hilo.

Pia kuna ile sehemu mnaigiza, mmoja anakua mtoto mwingine mzazi. Nilikua naona aibu sana ila ina maana yake, mimi nilivyokua "mtoto" na mama mmoja wa kikundini, mama pacha, akanishikia kidevu "niangalie, niangalie usoni!" nilisikia kabisa kutaka kukimbia. Toka siku hiyo sijamshika mwanangu kidevu tena.

Ila hela yangu ilirudi siku mwalimu alipokuja nyumbani. Ziara ya kwanza ilikua kabla ya vikao, anaangalia tu mtoto yukoje na nyumba ikoje. Ya pili ndo yenyewe. Alikuja Jumapili, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa pale koridoni, akaniambia cheza na mtoto kama siku zote, akachukua simu yangu (yangu, sio yake, vidio ibaki kwangu, hilo nilipenda) akarekodi dakika tatu. Mwanangu ana kigari cha plastiki, hakiendeshi, anakigeuza juu chini anazungusha tairi anaangalia, anaweza kufanya hivyo nusu saa. Mi nikaanza kazi yangu. Hii nini? Hii nini? Sema gari. Gari iko wapi? Sema ga-ri. Hii rangi gani? Usizungushe, endesha, vuuum, endesha!

Tukakaa kuangalia. Mwalimu hakusema kitu, akanipa peni akasema hesabu maswali na amri zako. Dakika tatu, thelathini na moja. Nilikua kama trafiki amemkamata dereva hana leseni. Na mtoto kwenye vidio ukiangalia vizuri kila nikiuliza anageuza mgongo kidogo, kidogo, mpaka mwisho amenipa kisogo kabisa, na mi mwenyewe wakati nacheza sikuona hata kidogo.

Akaniambia sasa chukua gari nyingine, kaa chini mbele yake uso wako uwe usawa wa uso wake, geuza tairi juu, zungusha na wewe. Nyamaza. Nikamwambia mwalimu si ndo namfundisha ujinga wenyewe huo, akasema we zungusha. Nikazungusha. Labda dakika nzima imepita hakuna kitu, nikasema moyoni hela imeliwa. Halafu dogo akasimamisha mkono, akaangalia tairi yangu, akaniangalia mimi usoni, akarudi kwenye tairi yake. Nikasimamisha yangu. Akaniangalia tena. Nikasema neno moja tu, "zungusha", nikazungusha. Akacheka. Jamani yule mtoto alikua hajawahi kucheka na mimi kwa kitu kinachomvutia yeye, alikua anacheka nikimtekenya tu.

Nilivyosoma baadae nikakuta hii ya kumuonyesha mzazi vidio yake mwenyewe sio kitu cha kubahatisha. Uingereza kina Profesa Jonathan Green wa Manchester waliifanyia utafiti na watoto 152 wenye umri wa chini ya miaka mitano, matokeo ya kwanza yakatoka 2010 kwenye jarida la Lancet, na hapo mwanzo wazazi ndo walibadilika sana kuliko dalili za watoto. Walivyowafuatilia tena wale watoto karibu miaka sita baadae, ripoti ya 2016, dalili zilikua zimepungua ukali kulinganisha na ambao hawakupata. Mwaka huohuo wenzetu wa Goa kule India na Rawalpindi Pakistan wakatoa majibu ya majaribio ya toleo lililopunguzwa, wanaofundisha wazazi sio mabingwa, watu wa kawaida waliopewa mafunzo, na wazazi wakabadilika vilevile. Kwahiyo kama kituo kinakwambia kuna ukumbi tu, hamna kurekodi wala mtu kuja kwako, uliza bei inapungua kiasi gani.

Kitu kingine nilichobeba ni kusubiri. Unampa mtoto kitu kidogo halafu unanyamaza unahesabu moyoni mpaka kumi. Mi nilikua nakata embe naweka sahani nzima mbele yake, anamaliza anaondoka, kazi imeisha, hajapata sababu ya kuongea na mtu. Sa hivi nashika sahani mimi, nampa kipande kimoja, kinaisha, nakaa kimya na sahani yangu usawa wa kidevu changu. Kumi ni ndefu hiyo, ukiwa na njaa ya kusikia mwanao anaongea sekunde kumi ni kama foleni ya Tazara saa kumi na mbili jioni. Mwanzo alikua anavuta mkono wangu. Nampa. Baadae akawa ananyoosha mkono wazi. Nampa haraka nasema "embe". Wiki ya saba sijui ya nane akaangalia sahani, akaniangalia, akasema "mbe". Mke wangu aliacha mboga jikoni ikaungua. Angalizo, sio kumnyima mtoto chakula mpaka aongee, hapana, kuna mama mmoja alielewa hivyo mtoto wake akagoma kula siku mbili. Ukiona anakasirika unampa, unachotafuta ni ishara yoyote, jicho, mkono, sauti.

Na ule mchezo wa kumrusha juu, moja, mbili... unasimama hapohapo umemshika kiunoni unamuangalia. Akajifunza kumalizia, "ta!" Siku hizi mgongo hauna amani.

Sasa hapa kwenye lugha nina lalamiko ambalo sio la kituo changu peke yake, nadhani ni la mafunzo yote yaliyotoka kwa wenzetu. Wanasema mtoto asiyeongea ongea nae neno moja, akianza neno moja wewe ongeza liwe mawili. Sawa. Lakini Kiswahili neno moja ni sentensi nzima! Gari limeanguka, kikombe kimeanguka, mtoto ameanguka, maji yamemwagika, kichwa cha neno kinabadilika kila saa, mtoto anaetafuta kitu cha kushika atashika wapi? Nikauliza ukumbini, mwalimu kijana akababaika, yule mwalimu mkubwa akasema chagueni nyumbani umbo moja mlibakishe hilohilo kwanza. Basi sisi kikianguka chochote tunasema "puu! anguka", wote nyumba nzima, hata kama kinasikika kama Kiswahili cha mtu aliyeshuka na ndege jana. Ngeli zitakuja baadae.

La pili ni "unataka". Dogo alivyoanza kuokota maneno akawa anakuja anasema "utaka maji", na bibi yake akawa anamjibu "sitaki baba, kunywa wewe". Kumbe mtoto yeye ndo anataka! Kutwa nzima anachosikia ni "unataka maji? unataka kula?" kwahiyo kwake hiyo ndo sauti inayokuja kabla ya maji, ameibeba kama ilivyo. Watoto wengi wenye usonji wanarudia maneno hivyo na sio utani wala utovu wa adabu, ni mawasiliano. Dawa yake tuliyopewa, acha kuuliza, sema kwa niaba yake, yaani ukiwa unampa kikombe unasema "nataka maji". Ukisikika kama mwendawazimu shauri yako. Imechukua mwezi, na bado akiwa amechoka anarudi kwenye "utaka".

Nije kwa bibi. Kituo kilikua na sheria ya mzazi mmoja tu kwa kila mtoto, eti nafasi. Hii naona ni kosa lao kubwa kuliko kuchelewa. Mimi niko dukani mpaka saa moja, mke wangu anatoka zamu usiku, anaekaa na mtoto ni mama yangu na dada wa kazi. Nafundishwa mimi, nikifika nyumbani namfundisha mama yangu mzazi jinsi ya kulea, hebu fikiria hicho kikao. "Nimewalea sita nyinyi, hata mmoja hana ubovu." Nilipigwa chini. Ikabidi nimuombe mwalimu ile ziara ya tatu aje siku ya kazi mchana, amkute bibi. Akaja, akamsalimia kwa adabu zake, shikamoo mama, akakaa chini kabisa kwenye mkeka, akamuomba bibi amfundishe yeye jinsi anavyomlisha mjukuu. Sio "nimekuja kukufundisha". Bibi akaonyesha, mwalimu akarekodi, akamwonyesha pale ambapo mtoto aliangalia na bibi akanyamaza kidogo, akamwambia mama hapa umefanya kitu ambacho wengine nawafundisha wiki tatu. Basi! Toka siku hiyo bibi ndo mwalimu mkuu, mi nikiuliza maswali mawili mfululizo anasema "mwache mtoto, hesabu kumi."

Kwenye picha tulibishana. Walitupa kadi za picha, maji, choo, kula, nje, mtoto anakupa kadi unampa kitu. Nusu ya wazazi tulikataa, tukisema atazoea kadi hataongea. Mwalimu akasema tafiti zinaonyesha picha na ishara hazizuii kuongea, na mtoto mwenye njia ya kusema anachotaka anapunguza kupiga kelele. Kwetu kadi ya "nje" ilifanya kazi siku ya pili, yaani ile ya kugonga kichwa mlangoni ilipungua sana. Zile nyingine amezitafuna. Karatasi ya kawaida haifai, wangezipaka plastiki, kwa ile hela tuliyolipa.

Kipande dhaifu kabisa ni kile cha tabia ngumu. Kikao kimoja tu, na mwalimu aliyekuja siku hiyo hatumjui, wa kwetu alihamishwa katikati bila kuagwa. Nikauliza mtoto akilipuka kwenye daladala watu wamebanana, konda anatukana, abiria wanasema mchape huyo, nifanyeje? Akajibu mpe mtoto eneo tulivu. Kwenye daladala la Mbagala Rangi Tatu! Mama pacha ndo alinisaidia kuliko yeye, akasema panda gari linaloanzia stendi, kaa dirishani, mbebee kitu cha kushika, na abiria akianza mwambie "ana usonji" kwa sauti kavu halafu usimuangalie tena. Nafanya hivyo mpaka leo.

Matokeo bila kuongeza chumvi. Wiki 12 zimeisha na miezi mitatu juu yake. Ana maneno kama 14 tunayoyaelewa sisi, mengine wageni hawayaelewi. Jina akiitwa anageuka, labda mara tano kati ya kumi, zamani sifuri. Anaonyesha kwa kidole, na hiki ndo kimenifurahisha kuliko maneno, juzi kaonyesha ndege juu akaniangalia kama nimeiona. Bado halali vizuri, bado chakula ni cha rangi mojamoja, bado nywele kunyoa ni vita. Kwenye kikundi chetu kuna watoto wawili hawajatoa neno hata moja ila mama zao wanasema wanawaelewa sasa, na kuna mmoja kaacha wiki ya tatu kwa sababu ya nauli. Anaekuahidi mtoto ataongea ndani ya miezi mitatu mkimbie.

Bei, mimi nimelipa laki mbili na ishirini kwa yote, ziara zikiwemo, kwa awamu tatu, hawasumbui ukichelewesha kidogo. Ukilinganisha na elfu 40 kwa dakika 45 ni nafuu. Grupu la WhatsApp ni bure lakini zima sauti, asubuhi ni maua na dua, usiku mtu anauza mafuta ya kupaka "ya usonji", admini hayupo.

Nawapa nyota tatu na nusu kati ya tano. Ukumbi ungekua peke yake ningewapa mbili. Ukienda, omba kundi la Jumamosi, ukatae mzazi mmoja mpaka wakubali uje na anaeshinda na mtoto, uulize kabisa ziara ngapi na nani anakuja. Na mtoto wako akiwa anapenda kuzungusha tairi nunua vigari viwili vinavyofanana, pale Mtaa wa Congo ni elfu mbili mbili, kimoja ni chako.